Kabati la TV ya kichogo lilivyompa mbwa mzee kitanda: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kuanzia Januari hadi Oktoba. Mwenye mbwa ameniruhusu kukiandika. Jina lake, mtaa wake na kila kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa, na mbwa nimembadilishia jina, nitamwita Simba. Mimi ni fundi seremala na kazi yote niliifanya kwa mkono wangu, kwa hiyo makosa mengi yatakayotajwa humu ni yangu. Ninayaandika kwa sababu naona wenzangu wengi wanaletewa kazi kama hii siku hizi, na wengi tunaianzia pabaya.

Mwenye mbwa ni muuguzi mstaafu, mjane, nitamwita Mama. Alikuwa na kabati la televisheni la mninga lililochongwa mwaka 2004, kwa mbao ambazo marehemu mume wake aliziagiza kutoka Tabora. Wanaokumbuka miaka ile wanayajua makabati hayo: mapana, mazito, na yenye kina kirefu, kwa sababu TV zilikuwa na kichogo na kichogo kilihitaji pa kukaa. Hili lilikuwa na upana wa sentimita 120, kimo 75 na kina 58. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, familia ilinunua king'amuzi, ikakiweka juu ya TV ileile. Baadaye ikaja TV bapa, ikatundikwa ukutani, na kabati likapelekwa stoo. Huko likajazwa mashuka ya akiba na vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu.

Simba ni mbwa wa kienyeji, dume, mwenye miaka 12 na kilo 24. Maisha yake yote amelinda geti na kulala barazani juu ya saruji. Mwishoni mwa mwaka alianza kuamka kwa shida, miguu ya nyuma ikitetemeka. Daktari wa mifugo alimkagua, akasema nyonga zina yabisi, yaani viungo vimekakamaa na vinauma. Viwiko vyake vilikuwa na sugu zisizo na manyoya, na kimoja kilishaanza kuchubuka. Daktari alimpa dawa, akaagiza apatiwe malazi yasiyo sakafu tupu. Akaonya pia jambo ambalo ni vyema kila mfugaji alijue: dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki zisiguswe, zinachubua tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Ombi lenyewe

Nilipofika, nikamwamkia Mama, akanipeleka stoo moja kwa moja. Akaweka kiganja juu ya kabati na kusema, "Fundi, nataka Simba apate pa kulala. Na hili kabati nataka liwe na kazi, lisioze humu. Ila usilivunje. Marehemu mwenyewe alilisimamia mpaka likaisha."

Nilizisikia kauli hizo kama ombi moja. Kumbe zilikuwa kazi mbili tofauti, na kila moja ilitaka kupimwa kwa kipimo chake.

Jaribio la kwanza

Njia zilikuwa tatu: kutengeneza kitanda kwa mbao mpya na kuliacha kabati, kulibomoa kabati na kutumia mbao zake, au kuliacha na umbo lake, kutoa milango miwili ya chini na kigawio cha katikati, kisha kuweka godoro ndani. Tukachukua ya tatu. Ilimfurahisha Mama, ilikuwa kazi ya siku moja, na ilifanana na picha alizonionyesha kwenye simu yake. Picha zile zilikuwa za nchi za baridi, ambako mbwa anatafuta pango la kumhifadhia joto. Mimi nilikuwa nimesimama Dar es Salaam mwezi Januari, jasho linanitiririka, na bado sikuliona hilo.

Nilipiga msasa, nikapaka vanishi tabaka mbili, nikaweka sponji ya inchi tano iliyovikwa kitambaa cha makochi. Sponji na kitambaa vilikula shilingi 45,000. Kabati likawekwa barazani, mgongo ukutani. Kwa macho ya mtu lilikuwa zuri sana.

Usiku wa kwanza Simba alilinusa, akapiga chafya, akaenda kujilaza kwenye saruji. Usiku wa pili mjukuu alimwekea vipande vya nyama ndani. Aliingiza kichwa na miguu ya mbele, akala, akarudi kinyumenyume. Usiku wa tatu ilinyesha mvua ya ghafla, akaingia mwenyewe, Mama akadhani mambo yametengemaa. Saa nane usiku alimkuta nje, kwenye unyevunyevu, akihema ulimi umening'inia. Siku ya sita alinipigia simu: "Fundi, Simba kakataa."

Nikamwambia ampe muda, mbwa hujizoesha. Ushauri huo ulikuwa mbaya. Mbwa mwenye maumivu akikataa mahali, ana sababu, na kumlazimisha ni kumwongezea maumivu. Zilipita siku nne kabla sijaubatilisha.

Siku tatu za kumtazama mbwa

Nilirudi na futi kamba, daftari na kipimajoto cha ukutani, nikakaa barazani asubuhi na mchana kwa siku tatu. Hii ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kushika msumeno.

Kwanza nilimpima akiwa amelala ubavu. Kutoka pua hadi shina la mkia ni sentimita 88. Kutoka mgongo hadi ncha za miguu iliyonyooshwa ni 62. Kina cha ndani cha kabati, ukitoa plaiwudi ya nyuma na fremu ya mbele, kilikuwa 55. Maana yake ndani ya kabati angeweza kulala tu akiwa amejikunja, na nyonga zenye yabisi hazitaki kukunjwa usiku kucha. Zaidi ya hapo, Simba kabla ya kulala huzunguka mara mbili tatu papo hapo. Ndani ya kabati hakuweza kugeuka. Ndiyo maana alitoka kinyumenyume.

Kuingia nako kulikuwa na mtihani wake. Kitako cha kabati, ubao wa chini na sponji, ukijumlisha, vilimpandisha sentimita 24. Kwa mbwa mzima si kitu. Simba alikuwa akiinua mguu wa mbele, anasita, anaushusha.

Joto nililipima saa nane mchana: barazani nyuzi 31, ndani ya kabati 34, na hapo kabati likiwa tupu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema na kwa kulaza tumbo mahali pa baridi. Nilikuwa nimemtengenezea sanduku lisilopitisha upepo, nikatandika sponji inayoshika joto, kisha nikashangaa kwa nini anapenda saruji.

Harufu ilikuwa ya aina mbili, vanishi mbichi na naftalini ya miaka. Mimi niliisikia kwa mbali, lakini pua ya mbwa si kama yangu. Na naftalini si kero tu. Kidonge kikimezwa ni sumu kwa mbwa na paka, na mvuke wake haufai mahali ambapo mnyama analaza pua usiku mzima. Kwenye pembe ya droo moja nilikuta kipande cha kidonge kimebaki. Kilinitia hofu.

Lakini jambo ambalo nadhani lilikuwa na uzito kuliko yote nililiona siku ya tatu, tena kwa bahati. Simba hubadilisha mahali pa kulala kufuata kivuli: asubuhi karibu na ngazi, mchana karibu na mtungi wa maji, jioni mlangoni. Kila mahali, uso wake umeelekea getini. Ubavu wa kabati ulikuwa unamziba geti. Mbwa aliyelinda nyumba miaka 12 tulikuwa tunamtaka alale bila kuona anachokilinda.

Uamuzi wa pili

Nililitoa kabati barazani, nikalilaza chali juani ili harufu itoke. Nikiwa nimesimama juu yake nikaona kitu ambacho sikukiona lilipokuwa wima: mzunguko wa mbao wa sentimita 120 kwa 75. Mwili wa Simba ni 88 kwa 62. Kitanda kilikuwa kimelala pale, kimezungukwa na kuta zisizohitajika.

Zile sentimita 58 za kina zilikuwa za kichogo, na kichogo hakipo tena. Nikikata sentimita 12 upande wa nyuma, kuzunguka pande zote nne, nitapata fremu ya kitanda ya 120 kwa 75. Kabati litabaki na kina cha kama 46, ambacho kinatosha kabisa kwa vitabu, vyombo, au TV ya siku hizi. Nikamweleza Mama. Akauliza, "Litabaki kabati?" Nikamjibu litabaki, jembamba tu, na milango yake nitairudisha. Alifikiri kwa siku moja, akakubali.

Likabaki swali la kutandika nini katikati ya fremu. Plaiwudi na sponji tulishaona. Chaga za mbao zinapitisha hewa, lakini ni ngumu, na sugu za viwikoni zinatokana na ugumu. Nikakumbuka vitanda vya kamba vya pwani, ambavyo wazee wetu walivilalia kwenye joto hilihili: kamba inabonyea mwili unapolemea, na upepo unapita chini. Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, ndiyo yenye asili, na ingependeza, ila nyuzi zake ni maficho ya kupe na viroboto, na ikilowa inachelewa kukauka. Nikachagua kamba ya nailoni ya milimita 8, mita 45, inayoweza kumwagiwa maji ya moto.

Mtaalamu wa wanyama angeweza kunipinga hapa, na angekuwa na hoja. Kwa mbwa mwenye yabisi ushauri wa kawaida ni godoro nene lenye kushikilia mwili, kwa sababu kitu kinachobonyea sana kinamnyima mahali pa kujisukumia akiamka. Nilipima hilo dhidi ya joto, nikaamua kamba ivutwe ikaze sana, na godoro jembamba lingoje miezi ya baridi.

Kazi ilivyofanyika

Mninga una vumbi linalowasha pua, kwa hiyo barakoa ni lazima. Nilichora mstari kuzunguka kabati lote, nikatoa plaiwudi ya nyuma, nikakata kwa msumeno wa mkono ili nisipasue viungo vya kona. Kila kona ilibaki na sehemu tu ya kiungo chake cha zamani, ikatia shaka, nikaiongezea kipande cha pembetatu kwa ndani, gundi na skrubu. Plaiwudi nikaipunguza, nikaifunga upya nyuma ya kabati.

Matundu ya kamba niliyatoboa kila baada ya sentimita 5, sentimita 3 kutoka ukingo wa juu. Midomo ya matundu niliisugua mpaka ikawa duara laini, maana ukingo mkali unakula kamba. Kigawio cha katikati nilichokitoa mwanzo nikakipasua kikatoa miguu minne ya sentimita 5. Kwa hiyo ukingo wa juu wa kitanda ulikuwa sentimita 17 kutoka sakafuni, na kwa mbele nikaongeza kibao cha kukanyagia cha sentimita 8.

Vanishi niliiparua yote kwenye fremu, kwa msasa na maji. Vumbi kavu la vanishi na rangi za zamani si la kupeperushwa kwenye nyumba yenye wajukuu, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Badala yake nikapaka nta ya nyuki. Jirani mmoja alishauri miguu ipakwe oili chafu ili kuzuia mchwa, kama tunavyofanya kwenye nguzo za uzio. Nilikataa. Mbwa hulamba anapolala, na oili chafu ni sumu. Kiini cha mninga mchwa hawakipendi, na chini ya kila mguu nikaweka kipande cha marumaru.

Kamba, skrubu, gundi, nta na baadaye fundi cherehani, jumla shilingi 38,000, bila ufundi wangu.

Yaliyofuata

Kitanda kiliwekwa wazi barazani, upande mrefu ukitazama geti. Simba alipanda jioni ileile. Hatua ya tatu, mguu wake wa nyuma ukazama kwenye tundu la kamba. Sentimita 5 kwa 5 zinatosha kupitisha mguu wa mbwa wa ukubwa wake. Alilia, tukamtoa, hakuumia, lakini alikaa siku mbili hakikaribii. Hili nalichukulia kuwa kosa langu zito kuliko kasoro zote za kabati, kwa sababu lingeweza kuvunja mguu. Kama unatengeneza cha kamba, suka karibu karibu au funika tangu siku ya kwanza.

Fundi cherehani wa mtaani alishona jinzi za mtumba zikawa kifuniko cha tabaka mbili chenye vitanzi vya kufungia kwenye fremu. Mama akatandika kanga yake kuukuu juu. Siku ya tatu Simba akapanda, akazunguka mara mbili, akajilaza ubavu, miguu yote imenyooka. Mama alinitumia picha bila neno lolote.

Wiki ya tatu kamba zililegea, kama zinavyolegea kwenye kitanda chochote kipya cha kamba. Nikazikaza upya. Hapo nikaona mbao mbili ndefu zimevutwa kuelekea ndani kama sentimita moja. Ubao wa inchi moja kwa urefu wa 120 hauwezi peke yake kupambana na mvuto wa kamba zaidi ya ishirini. Nikaongeza mhimili wa katikati, nikaufunga chini kabisa ya fremu ili tumbo la mbwa lisiugonge.

Masika yakaleta mengine. Jinzi ilikuwa haikauki, ikaanza kunuka ukungu, tukashona kifuniko cha pili ili kimoja kifuliwe kingine kikiwa kitandani. Aprili Mama aliona kupe kwenye masikio ya Simba, na tulipogeuza kitanda tukawakuta kwenye nyufa nyuma ya zile pembetatu zangu za kona. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia hiyo: jike akishiba damu huanguka, hujipenyeza ufani na kutaga mayai kwa maelfu, na kupe mzima anaweza kukaa miezi bila kula. Samani ya zamani yenye nyufa ni nyumba yake. Tulimwaga maji ya moto, tukaacha kikauke juani, nikaziba nyufa zote kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Daktari akamtibu Simba mwenyewe, maana kusafisha kitanda bila kumtibu mbwa ni kazi bure. Wenye paka wawe waangalifu zaidi hapa: dawa nyingi za kupe za mbwa zina permethrini, ambayo ni sumu kwa paka, na dawa za kusafishia zenye fenoli nazo zinawadhuru.

Julai, usiku ulipopoa, ile sponji ya mwanzo niliikata ikabaki inchi mbili, ikawekwa juu ya kamba. Septemba ikaondolewa.

Matokeo

Kufikia Oktoba Simba analala kitandani karibu kila usiku. Kiwiko kilichochubuka kimefunga, na manyoya yameanza kurudi pembezoni mwa sugu. Nyonga hazijapona, na kitanda hakiwezi kuziponya. Anaendelea na dawa, na asubuhi za mvua bado anaamka polepole. Mchana wa jua kali hushuka akalala kwenye saruji kando ya mtungi. Mama aliniuliza kama hiyo ni dalili kuwa kitanda hakifai. Nilimwambia hapana, anachagua anachokihitaji kwa saa hiyo, na afadhali awe na vyote viwili.

Kabati liko sebuleni tena, milango yake miwili mahali pake, vitabu vya shule vya wajukuu ndani.

Uchambuzi

Kilichotuangusha mwanzo hakikuwa ufundi. Viungo vilikuwa safi na vanishi iling'aa. Tatizo ni kwamba nilipima kabati kwanza, halafu nikamtafutia mbwa nafasi ndani yake. Huzuni ya Mama juu ya kabati ilikuwa ya kweli na ilistahili heshima, lakini niliiacha iamue umbo la kitanda. Nilipompima mbwa, nikajua namba mbili tu, 88 na 62, kabati lenyewe likanionyesha wapi pa kukatwa. Cha ajabu ni kwamba msumeno ulilihifadhi kuliko lilivyohifadhiwa na uoga wangu wa kulikata: toleo la kwanza, ambalo "halikulivunja," lilikuwa limelinyang'anya milango na kazi.

Siku tatu za kutazama hazikuwa na gharama yoyote. Kila kasoro ya jaribio la kwanza ilionekana ndani ya siku hizo, kuanzia kimo cha kupanda hadi geti lililozibwa. Sasa huwa nafanya hivi hata kwa paka, ingawa paka hutaka mambo tofauti: wengi wao wangelipenda lile pango, na wangetaka liwe juu.

Kutumia kamba lilikuwa chaguo zuri kwa joto letu, ila nililichukua bila kulifikiria mpaka mwisho. Kitanda cha kamba kilitengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu, si kwa nyayo nne. Nilikumbuka jinsi kinavyopitisha hewa, nikasahau kwamba mtu hatembei juu yake. Mhimili wa katikati nao nilipaswa kuutia tangu mwanzo, kwa kuwa mvuto wa kamba ni jambo la kukadiria kabla, si la kusubiri kuona.

Kuhusu kupe bado nina la kurekebisha. Zile pembetatu za kona zinaimarisha fremu, lakini zinaacha mahali pasipofikika kwa brashi. Kwa kitanda kingine ningetumia vyuma vya kona vilivyofungwa kwa nje, vionekane, visafishike. Kwa hiki cha Simba nimekubaliana na Mama kwamba kila mwanzo wa mwezi mjukuu anakigeuza juu chini, anapitisha kisu kwenye viungo kutafuta ufa mpya, na mimi napita kukaza kamba kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho nilipopita Simba alikuwa amelala juu yake, na ilibidi tungoje mpaka alipoamka mwenyewe.